Ukingo wa Mlima Meru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojiandaa kwenda kileleni

Majibu haya yanahusu njia ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hasa kile kipande cha juu kuanzia Saddle Hut, kibanda cha mwisho cha kulala, hadi kileleni. Saa zote ni za Kiswahili: saa 8 usiku ni ile ya kabla ya alfajiri. Kama mnapanda pamoja na mgeni asiyezijua saa zetu, elewaneni mapema mnaamka saa ngapi.

## Mambo ya mwanzo

1. Ukingo unaozungumzwa ni upi hasa?

Fikiria chungu kilichomeguka upande mmoja. Meru ni volkano, na ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Kilichobaki ni ukuta mrefu uliopinda, uko wazi upande wa mashariki, na ndani yake kuna kreta, yaani shimo la volkano, yenye koni ya majivu inayofika mita 3,667. Kilele kiko juu ya ukuta huo, upande wa magharibi. Mlipuko wa mwisho kuandikwa, nao mdogo, ulikuwa mwaka 1910.

Njia ya kileleni inaushika ukuta huo upande wa kaskazini, kisha inaufuata kwa juu hadi mwisho. Kwa hiyo ukiwa unapanda, kreta iko mkono wako wa kushoto. Chini ya kilele genge linashuka karibu mita 1,500. Kulia ni mteremko wa nje wa mlima, ambao nao si wa kuchezea. Ukirudi, kreta inahamia kulia. Kariri hilo kabla ya kupanda, kwa sababu gizani au kwenye ukungu ndicho kitu cha kwanza utakachohitaji kukijua.

2. Mbona urefu unaandikwa tofauti, mara mita 4,562, mara 4,566?

Ni vipimo vya nyakati tofauti vya kilele kilekile. Vyote viwili vinatumika kwenye ramani na vibao. Muhimu kwako ni vituo vya njiani: lango la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi, Miriakamba 2,514, Saddle Hut 3,570, Rhino Point karibu 3,800, Cobra Point karibu 4,350. Usiku wa kileleni unapanda takriban mita 1,000, halafu unazishuka zote asubuhi hiyohiyo.

3. Inachukua siku ngapi?

Tatu au nne. Siku ya kwanza ni kutoka Momella hadi Miriakamba, saa nne hadi sita, kutegemea umepita njia fupi yenye mwinuko mkali au ile ndefu inayopita chini ya mtini mkubwa wenye tao. Ya pili ni Miriakamba hadi Saddle Hut kwa kupitia Topela Mbogo na Mgongo wa Tembo, saa tatu hadi nne, ngazi juu ya ngazi. Usiku wake ni kilele.

Tofauti iko kwenye kushuka. Wa siku tatu hutoka kileleni hadi langoni siku hiyohiyo, yaani mteremko wa mita zaidi ya 3,000 kwa miguu ambayo haijalala. Wa siku nne hulala tena Miriakamba. Ushauri wetu hauna kigugumizi: chukua siku nne. Siku ya ziada haiongezi chochote kwenye kupanda, lakini inakuondolea sababu ya kukimbilia chini pale juu ambapo kukimbilia ni hatari.

4. Lazima nijue kupanda kwa kamba?

Hapana. Hii ni njia ya kutembea. Kuna sehemu chache, hasa baada ya Rhino Point, ambapo mikono inashika mwamba, lakini hakuna mahali panapohitaji kamba na mishipi wakati mwamba ni mkavu. Ugumu wake ni wa aina nyingine: ukikosea hatua mahali pabaya, hakuna kitu cha kukuzuia usiendelee kushuka.

5. Kwa nini tunatembea na askari mwenye bunduki?

Kwa ajili ya nyati na tembo. Msitu wa chini ni wao, na kuanzia Momella hadi juu ya Miriakamba mnaweza kukutana nao njiani. Bunduki hutumika kwanza kuwatisha kwa mlio. Askari ni sharti la hifadhi, hutembei bila yeye. Kundi likikuta nyati, simameni nyuma ya askari, pamoja, kimya, na msipige picha kwa mwanga wa flashi.

Askari mmoja anaweza kuwa na makundi zaidi ya moja. Hilo lina maana yake usiku wa kileleni: mwendo utakuwa wa yule wa polepole zaidi. Ndiyo maana wengi huchukua pia mwongozaji wao, ili anayeshindwa apate mtu wa kurudi naye bila kuwagharimu wengine.

## Kabla ya kwenda

6. Niende miezi gani?

Juni hadi Oktoba, au kati ya mwishoni mwa Desemba na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ngazi za msituni zinakuwa tope, na mwamba wa juu unalowa na kuganda alfajiri. Vuli ya Novemba ina afadhali kidogo, lakini mawingu huwahi kupanda. Juni na Julai ni kavu ila baridi yake ni kali. Ukiweza kupanga, chagua usiku ulio karibu na mbalamwezi: tochi inakuonyesha mita chache, mwezi unakuonyesha ukingo mzima.

7. Kule juu kuna baridi kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kama usiku Arusha mjini, kwenye mita 1,400, ni nyuzi 14, basi kileleni ni kama 5 chini ya sifuri. Hapo hujaongeza upepo, na kwenye ukingo upepo hauna pa kuzuiliwa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa asitumie baridi ya nyumbani kama kipimo. Avae kama anayekwenda kukaa ndani ya friji kwa saa sita.

8. Nivae na nibebe nini usiku wa kileleni?

Mwilini, tabaka tatu. La kwanza linabana mwili na si la pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki, nayo ndiyo inayowatetemesha watu wakisimama kupumzika. La pili ni la joto, kama flisi au sweta la sufu. La tatu linazuia upepo na mvua, lenye kofia. Miguuni, suruali ya ndani ya joto chini ya suruali ya kawaida, soksi za sufu, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Mikononi, glovu nyepesi za vidole ndani na nzito juu yake. Nyepesi ni muhimu: kwenye mwamba utavua zile nzito ili ushike vizuri, na mikono mitupu kwenye jiwe la baridi hufa ganzi upesi.

Begini: tochi ya kichwani yenye betri mpya na betri za akiba, fimbo mbili za kutembelea zinazokunjwa, maji (tazama swali la 11), miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua na ya midomo, filimbi, plasta za malengelenge, na nguo moja kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usitumie rambo, ni marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Simu na betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi hula chaji, na simu iliyokuwa asilimia 60 inaweza kuzima palepale.

Tochi ya mkononi au ya simu haifai. Mkono mmoja ukishika taa, kwenye mwamba umebaki na mmoja.

9. Naweza kununua vifaa mitumbani?

Ndiyo, na wengi wanaopanda milima yetu wamevaa mitumba ya maana. Ila kagua. Jaketi la mvua ligeuze ndani nje: ukiona utepe wa mishono umebanduka kama ngozi ya kitunguu, maji yatapita hapo. Mwagia matone kitambaani uone kama yanatiririka au yananywewa.

Buti ndizo zinazodanganya zaidi. Soli za aina ya sponji hulika zenyewe kwa miaka hata kama hazijavaliwa, na kwa nje zinaonekana mpya. Bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba, juu kidogo ya kisigino. Ikiacha shimo lisilorudi, au ikimeguka kama mkate mkavu, iache. Kisha kunja buti kwa nguvu na utazame mstari wa gundi mbele ya vidole. Soli ikibanduka ukiwa Miriakamba utafunga kamba na kucheka. Ikibanduka juu ya Rhino Point, ni dharura.

Buti yoyote, mpya au mtumba, ivae walau wiki tatu kabla, na ushuke nayo mteremko mrefu. Vidole vikigonga mbele, ni ndogo.

10. Nafanya mazoezi gani?

Ngazi, kwenda na kurudi, ukiwa na begi la kilo 6 hadi 8. Anza wiki nane kabla, mara tatu kwa wiki, na mwishoni mwa juma tembea saa tano au zaidi. Watu hujizoesha kupanda na kusahau kushuka, ilhali mapaja yanayochoka kushuka ndiyo yanayofanya magoti yatetemeke kwenye mwamba. Ongeza zoezi la kusimama kwa mguu mmoja dakika moja moja ukiwa umefumba macho. Ukingoni gizani, mizani ya mwili ina thamani kuliko mapafu.

11. Maji na chakula?

Kati ya Saddle Hut na kilele hakuna maji. Beba lita 2.5 hadi 3 kwa mtu. Mpira wa kunyonyea maji kutoka begini huganda, basi walau lita moja iwe kwenye chupa ya mdomo mpana, iliyovishwa soksi na kugeuzwa kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Themosi ndogo ya chai ya tangawizi yenye sukari si anasa.

Kabla ya kuondoka kunywa uji na kula kidogo hata kama huna hamu. Njiani kula kila dakika 45 hivi, vitu vinavyoingia bila kutafunwa sana: tende, kashata, ndizi mbivu, biskuti. Nyama choma ya jana iache kibandani. Mwinuko hufunga tumbo, na mafuta hukaa.

## Usiku wa kileleni

12. Kwa nini tupande usiku wakati njia ni ya hatari?

Sababu kubwa ni mawingu. Asubuhi mapema ukingo kwa kawaida uko wazi, na kufikia saa 4 ukungu huwa umeanza kupanda kutoka msituni. Kuondoka saa 7 au saa 8 usiku kunakupa mwanga na anga safi wakati wa kushuka, na kushuka ndiko kugumu. Kuna faida nyingine ambayo wengi huikiri baadaye: gizani huoni genge. Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu, likitokea upande wa Kilimanjaro, kilomita kama 70 ng'ambo ya kreta.

Ila ujue pia kwamba mwanga ukija, utaona ulikopita. Jiandae kwa hilo (swali la 18).

13. Ukingo wenyewe ukoje, kipande kwa kipande?

*Saddle Hut hadi Rhino Point, saa moja hadi moja na nusu.* Njia ya udongo na mawe ndani ya vichaka, inapanda kwa zigizaga. Hapa kuna kosa moja tu, la kukimbia. Ukitoka jasho hapa utaganda Rhino Point. Anza ukiwa umepunguza tabaka moja, ukihisi baridi kidogo.

*Rhino Point hadi mwisho wa mwamba.* Mahali hapa palipata jina kutokana na mifupa ya kifaru iliyokutwa hapo. Njia inashuka kidogo, kisha inakata ubavu wa mwamba uliolala kwa mwinamo. Hiki ndicho kipande cha kuheshimu kuliko vyote. Ni kifupi, lakini utapita mara mbili, na mara ya pili ukiwa umechoka. Namna ya kupita iko kwenye swali la 14.

*Hadi Cobra Point, saa mbili hadi mbili na nusu.* Sasa uko juu ya ukingo wenyewe. Chini ni majivu na mchanga mweusi wa volkano, hatua moja mbele, nusu nyuma. Kuna mahali njia ni pana kama barabara ya mtaani na mahali ni upana wa mkeka, na kushoto giza linaanza ghafla. Tembea upande wa nje, wa kulia, hata kama alama za nyayo zinasogea karibu na kreta ili kukwepa mchanga. Ukingo wa majivu unaweza kuwa umeliwa kwa chini bila wewe kuona.

*Cobra Point hadi kileleni, saa moja au zaidi kidogo.* Mawe, mikono kidogo, na vilele vya uongo. Utadhani umefika, kumbe kuna kingine nyuma yake. Hewa hapa ina shinikizo la karibu asilimia 57 ya lile la pwani, kwa hiyo hatua kumi na kupumua si uvivu, ndiyo kasi sahihi. Kileleni kuna kibao cha Socialist Peak, jina la miaka ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967.

14. Napitaje kwenye mwamba?

Kunja fimbo zifunge begini kabla hujaanza. Fimbo inayoning'inia kwenye kiganja hukwama katikati ya miguu. Kaza mikanda ya begi lisiyumbe. Vua glovu nzito.

Viungo vitatu vishike muda wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Kimoja tu ndicho kinachosogea. Jaribu kila jiwe kabla ya kuliwekea uzito: lisukume kidogo, likicheza sogeza mkono kwenye jingine. Kanyaga kwa soli nzima iliyolala juu ya mwamba. Kosa la kawaida kabisa ni kuogopa na kuukumbatia mwamba. Ukiulalia, uzito unaondoka kwenye soli na buti zinateleza. Simama wima, makalio nje kidogo, macho kwenye hatua inayofuata.

Ukikuta mnyororo au kamba, shika kama unavyoshika reli ya ngazi na uzito ubaki miguuni. Usiuning'inie, na asipite mtu mwingine kwenye kipande kilekile mpaka umeuachia. Penye mwinamo mkali wakati wa kurudi, geuka uutazame mwamba na ushuke kinyumenyume. Hakuna aibu. Jiwe likichomoka, paza sauti "Jiwe!" hapohapo, hata kama ni dogo.

15. Upepo ukizidi?

Punguza hatua, tanua miguu, fimbo ya upande wa upepo mbele. Ukivuma ghafla, chutama au kaa chini kabisa, subiri upite, kisha simama. Hatari mara nyingi ni pale upepo unapokatika: ulikuwa umeegemea, na ghafla hakuna cha kuegemea. Funga kofia na skafu zote, maana mtu huruka kudaka kofia yake bila kufikiri, na pembeni ni kreta. Mkishindwa kusemezana mkiwa hatua mbili, huo ni upepo wa kurudi.

16. Tugeuke saa ngapi kama hatujafika?

Tunashauri saa 2 asubuhi, popote mlipo. Semeni saa hiyo jioni mkiwa Saddle Hut, mbele ya wote, askari akiwapo. Ukiisubiri ifike ndiyo mjadili, kila mtu ataona kilele kiko "pale tu", na kwa kichwa chenye hewa haba hesabu ya muda haitoki sawa. Kurudi hadi Saddle Hut ni saa tatu hivi. Anayegeuka saa 2 anavuka ule mwamba kabla ukungu haujaukalia.

Kuna vipimo vingine vya kugeuka visivyongoja saa: mtu anayejikwaa mara kwa mara kwenye njia tambarare, mvua au barafu kwenye mwamba wa Rhino Point, na tochi mbili zilizozima kwenye kundi la watu wanne. Anayegeuka arudi na mtu. Kumwacha mtu akae peke yake ukingoni "mpaka tukirudi" ni kumwacha agande.

17. Nalala saa ngapi?

Kula saa 11 jioni, lala saa 1. Wengi hawapati usingizi, na hilo peke yake halizuii kupanda. Andaa kila kitu kabla ya kulala.

18. Naogopa mahali pa juu. Nitaweza?

Inategemea hofu yako inafanya nini. Kama moyo unadunda lakini miguu inaendelea kutii, utaweza, na wengi wa namna hiyo hufika. Kama miguu hukataa kusogea kwenye daraja la waenda kwa miguu, ukingo huu si mahali pa kujitibu.

Jipime mapema. Siku ya pili mchana, baada ya kufika Saddle Hut, panda Little Meru, mita 3,820, saa moja tu kwenda. Inasaidia pia mwili kuzoea mwinuko. Kutoka huko unauona ukingo. Ukiutazama na tumbo likakataa, mwambie mwongozaji jioni hiyohiyo. Ukiwa njiani, tazama kisigino cha aliye mbele, na utoe pumzi kwa nguvu kuliko unavyovuta. Kuganda kwa woga kukikupata, kaa, shika jiwe, mwite mwongozaji kwa jina. Atakutangulia hatua moja na kukuonyesha pa kuweka kila mguu. Hiyo ndiyo kazi yake.

## Mwinuko na mwili

19. Kichwa kikianza kuuma?

Maumivu madogo ya kichwa ni ya kawaida kwenye mita 3,500. Kunywa maji, kula, pumzika. Yakiambatana na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usioeleweka, hayo ni maradhi ya mwinuko: usipande zaidi mpaka yaishe.

Shuka mara moja, hata usiku, ukiona moja ya haya: mtu anapepesuka kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, anashindwa kupata pumzi hata akiwa amekaa, au anakohoa mate yenye povu. Kipimo rahisi ni kumwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Mpime kabla ya kuvuka mwamba, si baada yake. Msimwamini akisema yuko salama, kwa sababu ubongo uliovimba haujitambui.

20. Ninywe Diamox, ile dawa ya kukinga maradhi ya mwinuko?

Zungumza na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una tatizo la figo, au ni mjamzito. Kipimo cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakupeleka msalani mara nyingi na vidole vitachomachoma. Dawa hii inasaidia mwili kuzoea, lakini haikuhakikishii kwamba yale ya swali la 19 hayatakupata. Dawa za usingizi na pombe ziache chini.

21. Nikibanwa ukingoni je?

Kuna vyoo kwenye vituo, ukingoni hakuna. Nenda kabla ya kuondoka. Ikibidi, mwambie mwongozaji akuchagulie mahali upande wa nje, kamwe si kwenda "nyuma ya jiwe lile" gizani peke yako. Karatasi na pedi zote zinarudi begini.

## Kushuka

22. Kwa nini mnasisitiza sana kushuka?

Kwa sababu ya hesabu. Ukifika kileleni umetumia nguvu, usingizi na umakini, na umebakiza njia ileile, mwamba uleule, sasa ukiona genge. Kilele kiwe nusu ya safari kwenye akili yako na kwenye maji yako: fika huko ukiwa na lita moja na chakula.

Kwenye majivu unaweza kushuka kwa kuzamisha kisigino, magoti yakiwa yamelegea, lakini mbali na ukingo wa kreta. Simama dakika kumi kabla ya mwamba wa Rhino Point, kula, kunywa, kunja fimbo, ndipo uvuke. Na usishangae: kile kishuko kidogo cha usiku sasa ni kilima cha kupanda, na wengi hawakukitarajia. Fimbo ziongeze urefu kidogo ukifika chini ya Rhino Point.

## Hali za pekee

23. Ukungu ukitufunika tukiwa juu?

Jikusanyeni, umbali wa kuonana. Askari au mwongozaji mbele, mtu mzoefu nyuma. Fuateni mgongo wa njia, kreta ikiwa kulia mnaporudi. Msikate kona kushuka mteremko wa nje kutafuta njia ya mkato: makorongo yake yanaishia kwenye magenge. Filimbi tatu ni ishara ya kuomba msaada.

24. Radi?

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa tatu, upate kilomita. Ikisogea, shukeni kutoka juu ya ukingo mara moja na kwa utaratibu. Mkikwama, achaneni mita kumi kumi, fimbo zikae mbali, chutameni juu ya mabegi. Msishike mnyororo.

25. Mtu akivunjika mguu?

Mzuieni asilale juu ya jiwe: chini yake wekeni mabegi, juu nguo zote za akiba. Chai ya sukari kama ana fahamu na hatapiki. Askari huwasiliana kwa redio, na msaada huja kwa miguu na machela, hivyo hesabuni saa nyingi, si dakika. Bima yako iandike wazi kwamba inafika mita 4,600 na inagharimia uokoaji.

26. Naweza kupanda nikiwa nimefunga Ramadhani?

Hadi Miriakamba wapo wanaoweza. Usiku wa kileleni, kunywa hadi alfajiri kisha kushuka kutwa bila maji kwenye jua la mita 4,000 ni kujiweka kwenye hatari, na mwamba unaupita ukiwa umekauka. Msafiri ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye. Muulize sheikh wako kabla ya safari, kisha umwambie mwongozaji uamuzi wako, ili asikushangae ukikataa chupa.

27. Navaa miwani ya macho. Kuna shida?

Skafu iliyofunika pua hupeleka mvuke kwenye vioo, navyo huganda. Acha pua wazi kwenye mwamba. Funga miwani kwa uzi nyuma ya kichwa, na nyingine ikae begini.

28. Nikimaliza Meru, nipumzike kiasi gani kabla ya Kilimanjaro?

Siku moja au mbili zinatosha kwa mwenye magoti mazima. Uzoefu wa mwinuko ulioupata huanza kupotea ukikaa chini, kwa hiyo ukingoja wiki mbili sehemu kubwa ya faida imekwenda. Kausha buti mbali na moto, na uzikague soli tena kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9.